Shule Jirani na Dhahabu: Nani Mwenye Saa za Mtoto wa Genkuru?

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika mapema Septemba. Matokeo hutoka baada ya wiki kadhaa, orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari hubandikwa mwaka ukielekea ukingoni, na kidato cha kwanza huanza Januari. Hapo katikati mtoto aliyemaliza darasa la saba hana mwalimu, hana sare na hana kengele ya kumwita. Mjini, mzazi mwenye uwezo humtafutia masomo ya kujiandaa na sekondari. Genkuru, hiyo ndiyo miezi ambayo kila mwenye haja na mtoto huyo humjia. Kuna ng'ombe wa kuchungwa, kuna mawe ya dhahabu ya kuokotwa, kuna wageni wanaokuja kuzungumza mahari, na mwaka ukiwa wa shufwa kuna msimu wa tohara wa Desemba.

Naanza na kalenda kwa makusudi. Tumezoea kuzipima shule za umma za vijijini kwa majengo: madarasa mangapi, madawati mangapi, matundu mangapi ya vyoo. Vipimo hivyo vina haki yake, na mtu aliyesoma akiwa amekaa chini sakafuni hawezi kuvidharau. Lakini katika ukanda huu wa Tarime na Serengeti vipimo hivyo havifiki kwenye kiini. Mlango wa shule umefunguliwa. Kinachobaki ni kujua nani mwingine anazidai saa za mtoto, na shule ina nini cha kumpa ili ishinde madai hayo.

Genkuru ni kijiji cha Wakuria katika wilaya ya Tarime, miongoni mwa vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioko Nyamongo. Ng'ambo ya Mto Mara iko wilaya ya Serengeti, makao yake Mugumu. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu hapo umepita katika mikono na majina kadhaa: Afrika Mashariki Gold Mines, Placer Dome, kisha Barrick, African Barrick Gold, Acacia, na tangu mwaka 2019 Barrick tena, safari hii Serikali ikiwa na hisa za asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza leo ni mtu mzima wa zaidi ya miaka 20. Kama shule ya umma ingeweza kunufaika kwa kuwa jirani na utajiri tu, matunda yake tungekuwa tumeyaona kwa kizazi hicho.

Mkoa wa Mara una nafasi ya pekee katika historia ya elimu ya nchi hii. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alianza shule Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Ndilo Azimio la Musoma, lililozaa Elimu ya Msingi kwa Wote. Wananchi walifyatua matofali, vijiji vikajenga, na kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa na kufundishwa ualimu huku wakifundisha. Hesabu ya watoto ilitimia. Ubora haukuifuata, na uchumi ulipoyumba miaka ya 1980 madarasa yalibaki na watoto wengi na vitabu vichache.

Mfano huo umejirudia kwa majina mapya. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka uliofuata. Wanafunzi wa msingi nchini wakapanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ukaleta shule za kata, na sekondari zikaongezeka kutoka 1,291 mwaka 2004 hadi 4,102 mwaka 2009. Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo takriban watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukafuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Mwaka 2021 mkopo wa masharti nafuu wa kukabiliana na UVIKO-19 ukajenga madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani shule ndogo za watoto wanaokaa mbali na shule kamili. Kila mara tumetangulia kufungua mlango, na kila mara walioingia wamemkuta mwalimu mmoja akiwa na watoto wa walimu wawili au watatu.

Sisemi hatua hizo zilikosea. Mtoto wa mfugaji wa Genkuru aliyeshindwa kulipa shilingi 20,000 za ada ya sekondari ya kutwa alipata haki yake mwaka 2016, na haki hiyo haina mbadala. Ila tuangalie kinachobaki shuleni ada ikishaondoka. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 25,000 kwa wa sekondari. Katika zile 10,000, shilingi 4,000 ni za vitabu na hununuliwa kutoka juu. Shuleni hufika 6,000. Chukua shule ya msingi yenye watoto 800. Itapata shilingi milioni 4.8 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi, yaani 500 kwa mtoto. Kwa hiyo 500 mwalimu mkuu anunue chaki, achapishe mitihani, akarabati mlango uliong'oka, aweke dawa ya kunawia mikono na asafiri hadi halmashauri kupeleka taarifa. Mwanakijiji anayejua bei ya sahani ya ugali pale Nyamongo hahitaji kuelezwa zaidi.

Pengo hilo zamani lilizibwa na michango ya wazazi. Januari 2018 Rais Magufuli aliipiga marufuku kwa sababu ya msingi: watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango, na elimu bila ada ikawa jina tu. Baadaye ikaelezwa kwamba wazazi wanaweza kuchangia kwa hiari, kwa utaratibu wao na bila mwalimu kushika fedha. Shule nyingi zilipoteza uji na chakula cha mchana katika kipindi hicho cha sintofahamu, na kuurudisha uji uliokatika ni kazi kubwa kuliko kuuanzisha. Mtoto aliyetembea asubuhi bila kula, akakaa hadi saa nane bila kula, hachukui muda kutambua kwamba kwenye mawe kuna fedha ya maandazi. Hapo ndipo utoro unapoanzia. Kwenye daftari la mahudhurio huandikwa kama tabia mbaya ya mtoto, ilhali chanzo chake ni njaa ambayo watu wazima tunaijua na kuiacha.

Sasa kuhusu hayo mawe. Kwa miaka mingi vijana wa vijiji vya Nyamongo wamekuwa wakiingia eneo la mgodi kuokota mawe ya mabaki yenye chembe za dhahabu. Wenyeji huwaita maintruda. Wengine wamepigwa risasi. Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa katika tukio moja. Nje ya uzio kuna karasha za kusaga mawe na mialo ya kuoshea dhahabu, kuna wabebaji, wauza maji na wapika chakula, na kila kazi kati ya hizo hulipa siku hiyohiyo. Shule hulipa baada ya miaka 11, kama inalipa. Kijana wa darasa la sita anayepiga hesabu hiyo si mjinga. Amemwona kaka yake aliyemaliza kidato cha nne akirudi kwenye mawe yaleyale, tena akiwa amechelewa miaka minne kuliko wenzake walioacha. Kumshawishi abaki kunahitaji shule inayofundisha kweli, yenye mwalimu wa hisabati na wa sayansi, ili aone kwamba aliyevuka geti la mgodi kwa kitambulisho cha fundi umeme alipita darasani kwanza.

Mwalimu huyo ndiye haba kuliko vyote. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 wa msingi, na mtu yeyote aliyetembelea darasa la kwanza la kijijini mwezi Januari anajua umbali uliopo kati ya kiwango na hali halisi. Ajira za kudumu hutoka Serikali Kuu, kwa hiyo kijiji hakiwezi kumwajiri mwalimu hata kikiwa na fedha za dhahabu. Lakini kumwajiri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumfanya akae. Palipo na mgodi, kodi ya chumba hupangwa na mshahara wa mgodini. Mwalimu mpya wa shule ya msingi anagombea chumba kilekile na dereva wa mtambo, na anayeshindwa anajulikana. Akipanga mbali, atafika amechoka; barabara ikiharibika kwa mvua, hafiki. Mwaka wa pili anaomba uhamisho. Mji wa Tarime una chuo cha ualimu cha Serikali, umbali wa safari ya basi tu. Wanaohitimu wapo. Nyumba za kuwaweka Genkuru ndizo hazitoshi.

Hapa ndipo fedha ya dhahabu ingeweza kufanya jambo ambalo ruzuku haiwezi. Sheria ya Madini ilivyorekebishwa mwaka 2017 inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri, mpango unaofuata vipaumbele vya halmashauri yenyewe. Juu ya hapo kuna ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo. Kwa mgodi wa ukubwa huu, fedha hizo ni mabilioni ya shilingi, na sehemu kubwa imekwenda kwenye madarasa, zahanati, maji na barabara. Madarasa yanapendwa kwa sababu yanaonekana: yana jiwe la msingi, yana siku ya uzinduzi, yanapigwa picha. Nyumba ya mwalimu hupendwa kidogo. Sufuria ya uji haizinduliwi na mtu. Kwa maoni yangu kila mpango wa mwaka wa halmashauri yenye mgodi ungepaswa kuweka nyumba za walimu mbele ya darasa jipya, na chakula cha mchana mbele ya ukumbi, hadi hapo kila mwalimu wa shule zinazouzunguka mgodi atakapolala umbali wa kutembea kutoka ubaoni kwake.

Jambo jingine linaloila shule kimyakimya ni lugha. Mtoto wa kijijini hukua na Kikuria. Karibu na senta ya Nyamongo, ambako mgodi umeleta watu wa kila kabila, Kiswahili kinasikika dukani na mtaani; ukiingia ndani kidogo, kinasikika hasa redioni na shuleni. Mtoto wa miaka sita anaanza kusoma, kuandika na kuhesabu katika lugha anayoijua nusunusu. Akishaimudu, kidato cha kwanza kinamkaribisha kwa Kiingereza, na sayansi inaanza upya kwa mtu ambaye juzi aliielewa kwa Kiswahili. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wakuria wa Kehancha nchini Kenya, sera inaruhusu lugha ya nyumbani itumike katika madarasa ya mwanzo. Sipendekezi tuache Kiswahili. Ndicho kilichomwezesha Mkuria kuwa mwalimu Songea na Mmakonde kuwa mwalimu Tarime. Ila mtoto anahitaji daraja. Mara ilikuwa miongoni mwa mikoa saba ya mradi wa EQUIP-Tanzania, ambao ulianzisha Mpango wa Utayari wa Shule: wiki kadhaa za masomo kabla ya darasa la kwanza, zikiongozwa na mtu wa hapohapo kijijini anayezungumza lugha ya mtoto, akimwingiza kwenye Kiswahili kwa hadithi na michezo. Wazo hilo lilikuwa la gharama ndogo na lililenga mahali penyewe. Lingestahili kuwa sehemu ya kawaida ya darasa la awali katika kila shule ya ukanda huu, bila kusubiri mfadhili mwingine.

Narudi kwenye Desemba ya tohara, ambayo kwa wasichana ni ukeketaji, kwa kuwa hapo ndipo shule inaposhindwa kwa uwazi zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara walikuwa wamekeketwa, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 10. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Katika koo nyingi za Wakuria misimu hufuata uamuzi wa wazee, mara nyingi kila baada ya mwaka mmoja, na huangukia likizo ya Desemba kwa sababu watoto wapo nyumbani. Baada ya msimu msichana huhesabiwa mtu mzima, na mtu mzima huolewa. Mvulana naye hurudi Januari akiwa mwanamume kwa desturi ya nyumbani, akiketi kwenye dawati la mtoto mbele ya mwalimu wa kike aliye karibu na umri wa dada yake. Walimu wa eneo hili wanaifahamu Januari hiyo.

Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Uanafunzi ukawa ngao. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa ridhaa ya mahakama. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019, na marekebisho yenyewe yakachelewa Bungeni. Basi katika miaka hiyo kilichomlinda msichana kwa uhakika zaidi kilikuwa jina lake kuwa kwenye daftari la shule. Aliyemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa, au amechaguliwa na hakuripoti, ngao yake imelegea. Tazama tena miezi ile minne ya Septemba hadi Januari: humo mtoto anasubiri shule mpya, na humohumo kijiji kinaweza kuamua kwamba hana shule tena.

Walioelewa jambo hili mapema ni watu wa vituo vya hifadhi. Masanga, wilayani Tarime, na Mugumu, wilayani Serengeti, wasichana hupokelewa msimu ukikaribia, hulindwa, hufundishwa, na wengi husuluhishwa na familia zao kabla ya kurudi. Idadi huwa ya mamia katika mwaka wa msimu. Wanaoendesha vituo hivi wanafanya kazi ambayo mabweni ya umma yangeweza kuifanya kwa sehemu. Sioni sababu bweni la sekondari ya kata lifungwe Desemba ya mwaka wa tohara. Lifunguliwe, liwe na matroni na askari wa dawati la jinsia, na wasichana waliomaliza shule ya msingi waingie humo kujisomea Kiingereza cha kidato cha kwanza. Wazee nao wasipuuzwe. Mkuria anajua uzito wa ritongo, mkutano wa ukoo ambao uamuzi wake hupita bila karatasi. Ukoo unaotamka hadharani kwamba mwaka huu hakuna binti wa kupelekwa una nguvu kuliko mabango 100 ya kampeni, na afisa elimu kata anayekaa kwenye mkutano huo amefanya kazi ya mwaka mzima kwa siku moja.

Upande wa Serengeti shida nyingi ni zilezile, na umbali unazidi. Vijiji vinavyopakana na hifadhi ya wanyama vina jirani mwingine, tembo, anayemaliza shamba usiku na kumfanya mzazi asite kumwachia mtoto njia ya alfajiri. Shule shikizi zilibuniwa kwa ajili ya mazingira kama hayo, na ndizo zinazostahili kuongezwa huko.

Haya yote yana tarehe ya mwisho. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Waliokuwa darasa la tatu Januari 2024 walianza mtaala mpya, nao watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo wa 2024 watamaliza darasa la saba mwaka huohuo wa 2027. Kwa hiyo Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na yatakwenda pamoja hadi kidato cha nne mwaka 2031. Wakati huohuo shule za msingi zitabaki na darasa moja pungufu, vyumba vikiwa wazi na walimu wakiwa na nafasi. Sekondari ya kata iliyojengewa mkondo mmoja au miwili itapokea watoto wa mikondo mara mbili, na karibu nusu yao watakuwa na mwaka mmoja pungufu wa umri na wa Kiswahili. Halmashauri inayofikiri kwa madarasa itajenga madarasa. Inayofikiri kwa saa za mtoto itauliza mapema walimu wa hisabati watalala wapi, nani atapika, na wasichana watakaa wapi Desemba ya 2028, ambayo ni ya mwaka wa shufwa.

Mipango ya uwajibikaji ya mgodi hukubaliwa kila mwaka, na vipaumbele huanzia kwenye mkutano wa kijiji. Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa wazazi wa Genkuru, Kewanja, Kerende na Nyangoto, na kwa kamati za shule zao. Mkutano ujao utakapoitwa, msikubali kusomewa idadi ya madarasa pekee. Daini majina ya walimu waliopo, idadi ya waliohama tangu mwaka jana na nyumba walizokuwa wakiishi. Daini uji uandikwe kwenye mpango kwa kiasi na kwa jina la msimamizi. Daini bweni lenye funguo za Desemba. Na diwani akisema hayo si miradi, mwambieni vipaumbele huanzia kwenu.